Mwezi Wenye Mshono

Majina yote ninayo. Jina la mzee aliyeuona mwezi ambao haukuwapo ninalo, na majina ya wanawe, na la mke wake wa kwanza, ambaye nadhani yeye mwenyewe keshamsahau. Sitayaandika. Wenye majina wengi wao wako hai, wana simu, na mie sina nguvu tena ya kusikiliza watu wazima wakilalamika. Nitasema mwanangu mkubwa, mwanangu mdogo, dada yangu na mjukuu wangu. Anayenijua atawajua.

Skuli nilikwenda mpaka nikajua kusoma gazeti kwa kidole, nikatolewa. Kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema, na asiyependa aende akasome vya waliosoma. Wako wengi, na wengi wao ndio ninaotaka kuwasimulia hapa ujinga wao.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu. Alikaa kwangu Kilburn, huku London, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, kwa kuwa mama yake alikuwa analea wazee wa watu na zamu zake hazina adabu. Wasichana wenzake walibandika ukutani picha za waimbaji. Huyu wangu alibandika picha ya kitu cha mviringo, upande mmoja mweusi kama chungu, upande wa pili mweupe, na katikati pamezunguka tuta lililonyooka, kama mtu kakifunga mkanda.

"Nini hichi?" nikamuuliza.

"Mwezi, Bibi. Mmoja katika miezi ya Zohali."

Alinijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kukisema anaona uzito. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, nisije nikachoka nusu ya njia.

Zohali mie naijua. Kwetu wapiga ramli walikuwa wakiitaja kila mtu akiharibikiwa: mume kakukimbia, ni Zohali, kuku wamekufa, ni Zohali. Sikujua kama ina miezi, tena mingi, na kwamba kuna watu wamerusha chombo kikaenda miaka kadhaa kupiga picha. Mwaka ule ndio picha zilikuwa zinafika.

"Umeungua upande mmoja," nikamwambia.

"Hilo tuta ni milima, Bibi. Safu nzima ya milima. Ni mirefu zaidi ya mara mbili ya mlima mrefu kuliko yote duniani, na imejipanga sawasawa kwenye mstari wa katikati."

"Nani kaipanga?"

"Hawajui. Wengine wanasema zamani ulikuwa laini na unazunguka mbio, ukavimba hapo. Wengine wanasema ulikuwa na pete ya mawe, ikauangukia."

Nikavaa miwani yangu nikaangalia tena. Nimeshona kofia toka sijaolewa. Nikamwambia huo ni mshono, vipande viwili vimeunganishwa na fundi mbovu, akasahau kugeuza ndani nje. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza juu ya milima hiyo pana nini. Akasema barafu. Pana mtu? Hapana. Mbuzi je? Akacheka tena. Nikamwambia mlima ambao haujawahi kukojolewa na mbuzi si mlima, ni uchafu wa mbinguni, na watu wenye akili zao wanakwenda kuupiga picha huku lifti ya hapa haipandi.

Sasa hayo ya Zohali yaache. Nije kwenye mwezi wetu sisi, huu wa juu ya nyumba, ambao wanangu wawili waliuharibu.

Mwanangu mkubwa anakaa Harrow. Ana nyumba anayogawana na jirani ukuta mmoja, bustani mbele, bustani nyuma, na kazi ya ofisini ambayo kila akinieleza naielewa kidogo kuliko mara ya mwanzo. Yeye kwa Idi anafuata Makka. Wakitangaza, anakula. Mwanangu mdogo anakaa Stratford, anafanya kazi stesheni ya treni, na yeye anasema mwezi hauletwi kwa simu. Lazima uonekane kwa jicho, hapahapa ulipo, kama haukuonekana unafunga siku nyengine. Hapahapa ulipo ni London. Mji ambao jua lenyewe likitoka watu wanapigiana simu kuulizana.

Walianza kwa kubishana, wakaja kununiana, wakaishia kutukanana kwa heshima, kama wanavyotukanana watu wa dini. Mkubwa anaita ya mwenzake Idi ya Mawingu. Mdogo anaita ya mwenzake Idi ya Simu. Na mie kwa miaka nikawa napika pilau mara mbili, leo kwa huyu, kesho kwa yule, nikivuta harufu ya bizari mpaka nikaichukia. Mie kwa saumu nilimfuata mkubwa. Si kwa kuwa ana haki. Ni kwa kuwa anamaliza mapema.

Kwetu ipo desturi. Asubuhi ya Idi, wakishatoka kusali, waliolelewa nyumba moja hukaa kwenye sinia moja wakatia mkono, kabla hawajakwenda kwa mtu yeyote. Sinia lenyewe la shaba, la mama yangu, nililibeba kwenye sanduku mpaka Ulaya, nikaacha nguo. Nikawa nalitandikia mtu mmoja mmoja. Mwanamme mzima anakula peke yake kwenye sinia la watu sita, kama jogoo uani.

Dada yangu ndiye aliyeumia. Wale watoto mie niliwazaa, yeye akawalea. Nilipotangulia kuja huku niliwaacha kwake, wakawa wake mpaka nilipoweza kuwaita, na mwishowe naye akaja. Mwaka ule wa ile picha alikuwa mgonjwa wa kitandani, sebuleni kwangu, kwenye kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka. Madaktari walishasema wanayoyasema siku zote. Uji nusu kikombe ulikuwa unamshinda.

Ramadhani ilipofika katikati, akaniambia, "Mdogo wangu, Idi hii nataka kuwaona wale wawili kwenye sinia moja. Sina Idi nyengine."

Hakulia. Alisema kama anayeagiza chumvi.

Nikawaambia wote wawili. Mkubwa akasema, "Hilo jepesi, mama. Aje na siku ya Makka." Mdogo akasema, "Mama, hii ni dini, si chakula." Nikakata simu. Tumbo langu lililowabeba naliamini, na dada yangu aliyewalea namwamini. Akili sijui waliokota kituo gani.

Jioni moja nikawaita wafuturu kwangu, wote pamoja bila kumwambia mmoja kuhusu mwengine. Walikutana kwenye ngazi, kwa kuwa lifti mbovu, wakapanda ghorofa tatu nzima wakihema na kunyamaziana. Ile picha mjukuu wangu alikwisha kuihamishia sebuleni, mbele ya kitanda, maana dada yangu alisema kuta tupu za nyumba hizi za kaunsili, za serikali ya mtaa, zinamchosha macho.

Mkubwa akaitazama huku anakula kababu. "Hizi wanazitengeneza kwenye kompyuta. Milima ya Zohali, nani kafika?"

"Mjomba," mjukuu wangu akasema, "picha huiamini, lakini simu unaiamini."

"Ni simu ya watu waaminifu."

"Unawajua?"

Mdogo akacheka, akapaliwa na maji. Mtoto akamgeukia. "Na wewe mjomba unaamini macho yako, nayo yana miwani."

Kitandani dada yangu akacheka mpaka nikamshika mgongo.

"Haya mwanafalaki," mdogo akasema akijifuta, "wewe unayeona milima ya Zohali, tuonyeshe basi na mwezi wa Idi, tupumzike."

"Siwezi. Siku ya ishirini na tisa mwezi utazama karibu pamoja na jua. Ukiwa London hutauona, hata kwa darubini."

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu pale, na kwa aliyelala pia. Mkubwa atakula kesho yake. Mdogo atafunga. Sinia litatoka mara mbili.

"Kwa hiyo haiwezekani," dada yangu akasema.

"Kwa mwezi haiwezekani, Bibi," mtoto akamjibu. Huyu mtoto hajui kudanganya. Sijui amerithi kwa nani.

Siku ya ishirini na tisa mwanangu mdogo akaja kunichukua kwa gari. Kila mwaka yeye na wenzake hupanda kilima cha bustani fulani kaskazini ya kwetu kuangalia mwezi. Nikaenda nikitaka kumwomba njiani, na mjukuu wangu akaja na darubini yake ya kutia macho mawili. Njia nzima nilisema mie peke yangu. Mwanangu aliitikia "naam mama" kama wanavyomwitikia abiria aliyepotelewa na tiketi.

Ilikuwa ile wiki ya Novemba ambayo Waingereza hupiga fataki. Kilimani kuliwaka pande zote, nyekundu, kijani, na huku ndege zinashuka na taa zao moja nyuma ya nyengine. Ndio mbingu walizochagua kutafutia uzi wa mwezi. Walikuwa wanaume watano wamevaa makoti, na mzee mmoja waliyemletea kiti, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja na upande wa pili anasubiri zamu ya hospitali. Tukafuturu tende na chai ya chupa. Upepo ule sina haja ya kuusema.

Mawingu yakapasuka kidogo, chini, upande wa machweo. Pakatokea kitu cheupe kimefunikwa na ukungu, kimechujuka kama tone la maziwa kwenye kitambaa.

"Ule pale," mzee akasema.

Basi ikawa yamekwisha. Mmoja akaona, wa pili akaona kwa kuwa wa kwanza kaona, wa tatu akaona pembe zake. Wakaleta takbiri. Mawingu yakafunga. Simu zikatoka mifukoni, Stratford ikajua, Leicester ikajua, nadhani na Pemba ikajua kabla sijafunga kifuniko cha chupa. Mwanangu akaja kunikumbatia, shavu lake baridi, anacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa na miaka saba.

"Kesho Idi, mama. Mwambie mama mkubwa nakuja."

Mjukuu wangu alikuwa ameshusha darubini. Akaniinamia. Akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili cha mtoto yule hutoka siku za misiba tu.

"Bibi, ile ni Zuhura."

"Una hakika?"

"Ipo palepale kila jioni wiki hii. Juzi nilikuonyesha dirishani."

Kweli alinionyesha. Nilikuwa nakaanga sambusa, nikasema mashaallah bila kugeuka.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Bibi, watakula na Ramadhani haijesha kwa hesabu yao."

"Nyamaza mpaka kesho mchana."

"Nikiulizwa nitasema."

"Basi usiulizwe."

Nikakaa pale kwenye benchi nikiwatazama wanavyopeana mikono. Binaadamu wamefika Zohali, wamehesabu milima ya mwezi ambao babu zetu hawakujua kama upo, na hawa wangu wanapigwa chenga na nyota ya jioni, inayojulikana na kila mchunga ng'ombe. Lakini nilijua kesho dada yangu atapata alichokiomba. Kama kunyamaza kwangu ni dhambi, iko baina yangu na Mola, na wengine wana zao za kuzishughulikia.

Asubuhi wakaja wote. Wake zao na watoto wakajazana jikoni na chumbani, nikatandika mkeka sebuleni ubavuni mwa kitanda, nikaweka sinia. Pilau ya mbuzi, kachumbari, ndizi. Kitanda nilikipandisha mpaka dada yangu akawa kama yuko barazani kwake. Alijitanda kanga mpya. Hakutaka uji. Alitaka kuona.

Wakanawa. Wakakaa, mmoja huku, mmoja huku. Wakatia mkono.

Msidhani walikuwa wanapendana. "Sisi jana tumeuona kwa macho," mdogo akaanza, bado tonge la kwanza halijashuka.

"Makka waliuona kabla yenu," mkubwa akasema.

"Walikupigia wenyewe, au ulipigiwa na shemeji yao?"

"Kula, Idi ya Mawingu."

"Nakula, Idi ya Simu."

Lakini mikono ilikuwa inaingia sinia moja na kutoka, na dada yangu alikuwa anaifuata kwa macho, mkono huu, mkono ule, kama anayehesabu kuku wake wamerudi bandani. Nikasema moyoni, muda mdogo tu. Wamalize tu.

Mjinga hawezi kushinda mara moja akatosheka. Mdogo akainua kichwa, akamwona mjukuu wangu amesimama mlangoni na jagi la maji.

"Wewe wa Zohali. Ulisema hautaonekana. Haya, jana uliona nini?"

Mtoto akanitazama. Mie nikatazama kachumbari.

"Niliona Zuhura, mjomba."

"Nini?"

"Zuhura. Nyota. Iko pale kila jioni, na leo itakuwapo. Ukikaa mpaka magharibi nitakuonyesha dirishani."

Alisema polepole, kwa huruma, na nadhani huruma ile ndiyo iliyomfanya mwanangu aamini. Mkono wake ulikuwa hewani na tonge limekwisha kubanwa. Nikaona linaanza kumumunyuka, chembe moja moja zinarudi kwenye sinia.

Mkubwa akaweka mfupa chini. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. "Idi ya Nyota," akasema. "Hii sijapata kuisikia."

Mdogo akaanza kuinuka.

"Kaa," dada yangu akasema.

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu walipokuwa watoto wa kutumwa dukani. Akakaa. Hata mkubwa, aliyekuwa amekaa, alijiweka vizuri.

"Saumu ya siku moja utailipa," akamwambia. "Mie hutanilipa." Kisha akamgeukia mkubwa. "Na weye futa hayo meno. Mwezi wako hukuuona, uliusikia."

Jikoni watoto waligombania soda. Mwanangu mdogo alilitazama lile tonge. Kula hawezi tena, maana akishajua bado Ramadhani hufunga mdomo mpaka magharibi, hilo analijua kuliko anavyojua njia ya kwao. Kuondoka hawezi, kakatazwa. Akakaa hivyo na wali mkononi, mwanamme mwenye ndevu, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Halafu akageuka, akapiga goti, akampelekea mama yake mkubwa lile tonge mdomoni.

Yule ambaye uji ulikuwa unamshinda akafungua mdomo. Akatafuna muda mrefu. Akameza. Mwanangu akarudisha mkono kwenye sinia, akabana tonge jengine, dogo zaidi. Na mkubwa, bila kumtazama, akasukuma mnofu mzuri kutoka upande wake wa sinia mpaka upande wa mdogo wake, kama anavyotakiwa kufanya kaka, akauchambua kwa vidole mpaka ukawa laini. Wakaendelea hivyo. Mmoja anachambua, mmoja analisha. Dada yangu alikula matonge matatu au manne, sijui, nilikuwa nimekwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuhitajika.

Kesho yake ndiyo ikawa Idi ya mdogo. Alikuja peke yake, nikampashia moto kiporo, maana pilau ya tatu nilikataa mbele ya Mungu. Hajatia mkono, kengele ikalia. Mkubwa, katoka Harrow na treni mbili, eti kaja kuchukua sufuria la mkewe. Sufuria lilikuwa jikoni, mkononi hakulishika. Akakaa kwenye sinia akala kiporo, akasema kimezidi chumvi.

Msidhani walijifunza. Mwaka uliofuata kila mtu alirudi kwenye siku yake, na kwenye matusi yao wakaongeza la tatu, Idi ya Nyota, ambalo sasa linatumika mpaka Leicester. Yule mzee hadi leo anasema aliuona. Na waliosoma wa Zohali nao hawajambo: ile milima na mashimo yake wameyapa majina ya miji na mashujaa wa hadithi yao moja ya vita vya zamani. Mjukuu wangu, aliyekwenda kusomea mambo hayohayo chuo kikuu, alinisomea yote na yote ninayo kichwani, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia mtu akitaka kuupa mlima jina, kwanza aupande, umtoe pumzi, ndio atajua auite nani.

Dada yangu hakuifikia Ramadhani nyengine. Baada ya ile Idi alikaa wiki chache, akiangalia ukuta wake. Asubuhi moja nilikuwa nambadilisha mto, akaniuliza, "Ile milima ya kwenye mshono, huko wanakaa watu?"

"Hakuna. Barafu tupu."

Akafikiri.

"Basi Idi yao moja," akasema, akageukia upande wake wa kulalia.